Kiongozi, Mtawala na Msimamizi: Historia ya Istilahi za Uongozi Katika Vyuo Vyetu

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo anayeanza somo la nadharia na utendaji wa uongozi huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni ya wazi: azielewe nadharia, ajue nani alisema nini na kwa sababu gani, kisha azipime kwa mambo yanayotendeka duniani. Kazi ya pili haiandikwi katika muhtasari wa somo. Nayo ni kuzitoa nadharia hizo katika lugha aliyofundishiwa na kuzitia katika lugha ambayo atawaongozea watu. Katika mkutano wa kijiji, katika kikao cha chama cha ushirika, au mbele ya wafanyakazi wa kiwanda, hakuna atakayemngoja afungue kamusi.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza kazi hiyo ya pili kwa njia ya historia. Tutalifuata neno kiongozi tangu lilipokuwa likitumika njiani, katika misafara ya bara, hadi lilipoingia katika majina ya vyuo. Na tutayatazama pia maneno yaliyo jirani yake, yaani mtawala, msimamizi, miiko, maadili na mfuasi. Dai letu ni kwamba istilahi za uongozi si mali ya kiongozi peke yake. Ni kipimo kilicho mkononi mwa wale wanaoongozwa. Istilahi ikichanganyika, kipimo huharibika. Na kipimo kikiharibika, anayepata hasara kwanza ni raia wa kawaida.

Neno lililotoka njiani

Kitenzi ongoza ni cha Kibantu, nacho kina jamaa kubwa. Tuna ongoa, yaani kutengeneza au kuelekeza penye haki. Tuna ongoka, yaani kushika njia iliyo sawa. Tuna uongofu na mwongofu, maneno ambayo watu wa dini wameyatumia kwa muda mrefu. Na tuna mwongozo. Katika maneno yote haya limo wazo la njia. Anayeongoza anajua njia, na anayeongoka ameiona.

Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikienda na kurudi baina ya pwani na maziwa makuu, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi aliitwa kiongozi, au kwa matamshi ya njiani kirongozi na kirangozi. Tofauti ya matamshi haipaswi kututatiza. Kiswahili cha pwani kimeidondosha sauti ya l katika maneno mengi ambayo lugha za bara zimeihifadhi: sisi twasema njia na mvua, ndugu zetu wengine husema njila na mvula. Kirongozi na kiongozi ni neno moja.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji katika miaka ya 1857 na 1858, alimweleza mtu huyu kwa kirefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Kirongozi alivaa kitambaa chekundu, na kichwani alijipamba kwa ngozi ya mbega au manyoya ya ndege. Asubuhi yeye ndiye aliyesimama kwanza, akajitwika mzigo wake, akainua bendera nyekundu iliyokuwa alama ya msafara uliotoka Zanzibar, na wengine wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine. Aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini.

Maelezo hayo yana mambo mawili yanayofaa kuzingatiwa na mwanafunzi wa uongozi. La kwanza ni kwamba kirongozi hakuwa mwenye mali. Pembe na nguo zilikuwa za tajiri, au za aliyetumwa na tajiri. Kazi ya kirongozi ilikuwa kujua njia, maji, na mahali pa kulala. Cheo chake kilitokana na ujuzi uliokuwa na manufaa kwa wote. La pili ni kwamba yeye naye alibeba mzigo. Burton hakusahau kutaja kuwa mzigo huo ulikuwa miongoni mwa ile iliyo myepesi kuliko yote. Hata hivyo ulikuwa mzigo. Nadharia nzima ya uongozi, pamoja na mashaka yake, yaweza kuanzishwa kwa mambo hayo mawili: nani anajua njia, na mzigo wake una uzito gani ukilinganishwa na mizigo ya wanaomfuata.

Sarufi nayo ina ushuhuda wake. Kiongozi limo katika ngeli ya ki-/vi- pamoja na kinyozi. Kinyozi ni mtu anayenyoa. Siku akiacha kunyoa, jina hilo halimfai tena. Kwa umbo lake, basi, neno kiongozi hutaja kazi, wala halitaji daraja ya mtu. Gazeti lililochapishwa Tanga katika shule ya serikali wakati wa utawala wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, liliitwa Kiongozi kwa maana hiyohiyo: lilikuwa la kuonyesha njia.

Mtawala na wana wa watemi

Neno mtawala lina asili nyingine. Tawala limetoka katika Kiarabu, nalo hubeba wazo la kushika madaraka juu ya watu au nchi. Maneno yaliyotumika kwa vyeo vya serikali ya Wajerumani, kama liwali, akida na jumbe, yaliyajaza madaraka hayo watu waliowekwa kutoka juu. Akida hakuchaguliwa na watu wa kijiji, wala hakutegemewa kuwaonyesha njia. Alitegemewa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi.

Serikali ya Waingereza ilipoanzisha utawala kwa kupitia wenyeji, chini ya Gavana Donald Cameron aliyefika mwaka 1925, palihitajika watawala wenyeji waliosoma. Katika mwaka huohuo ilifunguliwa Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokusudiwa hasa wana wa watemi na wakubwa wengine. Miongoni mwa waliopata kusoma hapo ni Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyeingia mwaka 1937. Baadaye, mwaka 1953, ilianzishwa Mzumbe, karibu na Morogoro, shule ya kuwafunza watemi na watumishi wa serikali za wenyeji.

Tukiyatazama mafunzo ya aina hiyo kwa jicho la istilahi, tunaona kwamba yalikuwa mafunzo ya utawala. Mwanafunzi alifundishwa namna ya kuendesha baraza, kutunza daftari za kodi, na kufuata sheria. Mambo haya yana thamani yake, na hakuna nchi inayoendeshwa bila daftari. Lakini swali la kwa nini watu wamfuate mtu huyu halikuwa na nafasi katika somo, kwa kuwa jibu lilikwisha kutolewa: wamfuate kwa sababu amewekwa. Ndiyo sababu sheria ilipofuta madaraka ya utemi mwaka 1963, elimu ya aina ile haikuweza kuendelea kama ilivyokuwa. Aliyewekwa aliondolewa, ikabaki kumtafuta anayefuatwa.

Kivukoni na swali jipya

Swali hilo jipya lilikwisha kupata chuo chake. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Mfano uliofuatwa ulikuwa Chuo cha Ruskin kilichoko Oxford, ambacho huwapokea watu wazima, hasa wafanyakazi, waliokosa nafasi ya kusoma walipokuwa vijana. Joan Wicken, Mwingereza aliyepata kusoma Ruskin, na ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa walioshughulikia mpango huo na uchangaji wa fedha zake.

Kivukoni hakikumwuliza mwombaji baba yake ni nani, wala hakikutanguliza vyeti. Kiliwachukua watu waliokwisha kufanya kazi katika Chama, vyama vya wafanyakazi, ushirika na serikali, kikawafundisha uchumi, siasa na historia, na kikawataka wafanye kazi za mikono. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alikuja na utendaji wake mkononi, akaja kuutafutia nadharia. Utaratibu huo ni kinyume cha ule wa vyuo vingi, ambamo kijana hupewa nadharia kwanza na kuahidiwa kuwa utendaji atakutana nao mbele ya safari.

Wazo hilohilo lilijitokeza tena katika Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza na kupata sifa kutoka mahali pao pa kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kanuni hiyo ililegezwa baadaye, kwani ilikuwa na taabu zake. Hata hivyo swali lililoizaa bado linaishi: je, mtu aweza kujifunza uongozi kabla hajapata kuongozwa na kuonja maana yake?

Kivukoni chenyewe kimebadilika pamoja na nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilifanywa chuo cha itikadi cha Chama. Baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 kikawa chuo cha sayansi ya jamii. Na mwaka 2005 sheria ilikifanya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Siku neno kiongozi lilipopewa orodha

Ni lazima sasa tulitazame tukio ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililobadili zaidi maana ya neno kiongozi katika lugha ya taifa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Lakini katika malalamiko yao kulikuwa na neno moja lililogusa penyewe: walitaja mishahara mikubwa ya wakubwa. Rais aliwakemea wanafunzi kwa kujitenga na wananchi, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha.

Sehemu ya Azimio inayohusu uongozi iliweka masharti ambayo wananchi waliyaita miiko. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti ya namna hii hayawezi kutekelezwa bila kujulikana yanamhusu nani. Kwa hiyo Azimio lilieleza maana ya kiongozi kwa kutaja makundi: wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, madiwani, wakubwa wa mashirika ya umma na wa jumuiya za Chama, na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati. Tena lilieleza kuwa kiongozi ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili mali isifichwe kwa mke au kwa mume.

Kwa mtazamo wa sheria, hiyo ilikuwa kazi nzuri. Kwa mtazamo wa lugha, ilikuwa mara ya kwanza neno hili kupewa orodha ya vyeo yenye nguvu katika taifa zima. Kabla ya hapo mtu alikuwa kiongozi kwa kuongoza. Tangu hapo aliweza kuwa kiongozi kwa kuwamo katika orodha. Mhasibu mkuu wa shirika, ambaye pengine hakupata kumwonyesha mtu njia maishani mwake, alikuwa kiongozi. Na mwanamke wa kijijini aliyewakusanya wenzake wakachimba kisima hakuwa kiongozi, kwa sababu hakuwa na cheo. Azimio halikukusudia hivyo. Lilitaka kuwafunga wenye vyeo kwa kamba ya miiko. Lakini neno kiongozi liliingia ndani ya kamba pamoja nao, na kamba ilipolegezwa, neno lilibaki na wenye vyeo.

Kipimo mkononi mwa anayeongozwa

Kamba hiyo haikulegezwa mara moja, na kabla ya hapo neno lilifanya kazi kubwa. Februari 1971, baada ya uvamizi wa Guinea wa Novemba 1970 na mapinduzi ya Uganda ya Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Hapo kiongozi alirudishwa katika maana ya mwenendo: si yupo wapi katika orodha, bali anawatendeaje watu.

Matokeo yalionekana upesi. Katika miaka ya 1971 hadi 1973 wafanyakazi wa viwanda mbalimbali, hasa mjini Dar es Salaam, waligoma au waliwakataa mameneja wao, na katika kutoa sababu zao waliishika ibara hiyo. Mtu ambaye hakupata kuingia chuo chochote aliweza kusimama mbele ya mkubwa wake na kumwambia kuwa amevunja Mwongozo. Aliweza kwa sababu maneno yalikuwa ya Kiswahili, yalikuwa machache, na kila mtu aliyaelewa kwa namna moja. Lau kanuni ile ingaliandikwa kwa lugha ya wenye vyeo, ingalibaki katika makabati yao. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu nao waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya mawaziri na wabunge, na kwa mara nyingine walifukuzwa wengi. Tunaweza kubishana juu ya hekima ya matendo hayo yote. Lakini hatuwezi kukana kwamba wafanyakazi na wanafunzi hao walikuwa wakilifanyia utendaji somo la uongozi.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, masharti ya mwaka 1967 yalilegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye orodha yake ya vyeo, inayowataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao. Msomaji wa jarida hili ataona mara moja lililotokea katika lugha: miiko imeondoka, maadili yameingia. Maneno haya mawili hayalingani uzito. Mwiko ni katazo. Huvunjwa au hauvunjwi, na aliyeuvunja hujulikana hata kwa mtoto. Maadili ni mwenendo mwema kwa jumla. Huhitaji maelezo, wataalamu na vikao. Hatusemi kuwa neno moja ni bora kuliko jingine, kwani kila moja limewekwa kwa sheria na nyakati tofauti. Tunasema kwamba mwanafunzi anayedhani ni visawe amelikosa somo zima la historia ya uongozi katika nchi hii.

Nadharia za nje na majina yake

Tuzigeukie sasa nadharia ambazo mwanafunzi hukutana nazo vitabuni. Nyingi zimeandikwa Ulaya na Marekani, nazo zina mfuatano wake. Mwaka 1841 Thomas Carlyle alitoa kitabu kilichodai kuwa historia ni kazi ya mashujaa. Kutokana na wazo hilo wataalamu walitafuta sifa anazozaliwa nazo kiongozi, mpaka Ralph Stogdill alipoonyesha mwaka 1948 kuwa sifa peke yake hazitoshi kumfanya mtu kiongozi bila kutazama hali aliyomo. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake walikwisha kuchapisha majaribio yao juu ya vikundi vya watoto: kikundi cha kiongozi mwenye amri kilifanya kazi akiwapo na kulegea akitoka, lakini kikundi kilichoshirikishwa kiliendelea hata alipoondoka. Fred Fiedler, mwaka 1967, alisisitiza kuwa mtindo mmoja haufai kila mahali. Robert Greenleaf, mwaka 1970, aliandika juu ya kiongozi aliye mtumishi. James MacGregor Burns, mwaka 1978, alitofautisha uongozi wa kupeana faida na uongozi ambao kiongozi na wafuasi huinuana kufikia malengo ya juu zaidi.

Kuyapa mawazo haya majina ya Kiswahili kunaonekana kuwa kazi ngumu, lakini mara nyingi lugha imekwisha kuwa na akiba. Mtindo wa amri wa Lewin tunaweza kuuita wa kiimla. Imla ni neno la darasani, mwalimu anapotamka na wanafunzi wakaandika bila kuuliza. Hakuna picha iliyo sahihi zaidi. Uongozi wa kupeana faida unafaa kuitwa wa nipe nikupe, maneno ambayo hayahitaji ufafanuzi sokoni wala darasani. Kwa aina ile ya pili ya Burns wengine wametumia uongozi wa mageuzi. Jina hilo lina kasoro, kwa kuwa tangu kurejea kwa vyama vingi neno mageuzi limeshikamana na siasa za vyama. Twapendekeza uongozi wa kuinuana, lenye kiambishi kinachoonyesha kuwa tendo ni la pande mbili, jambo ambalo ndilo kiini cha nadharia yenyewe.

Max Weber, Mjerumani, alizungumzia mamlaka ya aina tatu: ya jadi, ya sheria, na ya mtu mwenye kipaji kisicho cha kawaida. Kwa hiyo ya tatu wengine husema haiba na wengine mvuto. Weber alilichukua jina lake katika lugha ya dini, kwa maana ya kipawa kinachotoka kwa Mungu. Kiswahili kina neno karama lenye maana hiyohiyo. Haiba huonekana kwa mtu mwenyewe, katika sura na mwendo wake. Karama hutambuliwa na wale wanaomwamini. Kwa kuwa Weber alisisitiza imani ya wafuasi, karama inakaribia zaidi alichokusudia.

Uongozi wa utumishi nao una jambo la kufikirisha. Mtumishi, mtumwa na mtume ni maneno yaliyochipuka katika shina moja la tuma. Kiongozi anayesema kuwa yeye ni mtumishi hana budi kuulizwa: ametumwa na nani?

Ama kwa yule anayeongozwa, wengine wamejaribu kusema mwongozwa. Sarufi yaruhusu, lakini neno hilo limeketi pamoja na mtumwa na mfungwa, maneno ya watu waliotendewa. Mfuasi hutokana na kufuata, tendo ambalo mtu hulifanya mwenyewe na aweza kuliacha. Katika nadharia ya uongozi tofauti hiyo ni kubwa.

Tusisahau pia kwamba wahenga walikuwa na nadharia zao. Manahodha wengi chombo huenda mrama: hiyo ni hoja ya umoja wa amri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: hiyo ni hoja ya utii kwa mwenye uzoefu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: hilo ni onyo juu ya sifa zinazomwagwa kwa viongozi. Methali hizi hazikubaliani zote, kama vile nadharia za vitabuni zisivyokubaliana. Mwanafunzi anayezipambanisha na Lewin au Fiedler atakuwa amefanya kazi ya kitaaluma iliyo halisi.

Jina moja, kazi tatu

Tatizo lililobaki ni la ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1972 Mzumbe ilifanywa taasisi ya kufundisha uendeshaji wa maendeleo, ikajulikana kwa Kiswahili kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001. Bagamoyo upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Dar es Salaam kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Katika majina yote matatu, Kiingereza kimetumia neno moja lenye maana ya uendeshaji. Kiswahili kimelifasiri mara mbili kuwa uongozi na mara moja kuwa usimamizi. Wakati huohuo limeingia neno menejimenti, nalo linatumika ofisini kwa maana ya kazi na kwa maana ya kundi la wakubwa.

Mwaka 2010 ilianzishwa Dar es Salaam Taasisi ya Uongozi, ambayo hata katika jina lake la Kiingereza imelihifadhi neno uongozi. Mwaka 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika. Ni fahari kwamba neno la njiani limefika mbali hivyo. Lakini fahari hiyo yatudai tulieleze neno lenyewe barabara.

Jambo hili lingekuwa jepesi zaidi kama vyuo vingefundisha kwa Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza kuwa Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo mwanafunzi wa chuo kikuu husoma uongozi kwa Kiingereza na kwenda kuongoza kwa Kiswahili.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne. Kwanza, utawala utumike kwa mamlaka ya kisheria na vyombo vyake. Pili, usimamizi na uendeshaji vitumike kwa kazi ya kupanga watu, fedha na vifaa. Na menejimenti ibaki kwa kundi la wakubwa wa shirika, ikiwa hapana budi. Tatu, uongozi uhifadhiwe kwa kazi ya kuwaonyesha watu njia na kwenda nao, awe na cheo afanyaye hivyo au asiwe nacho. Na pale sheria inapotaka orodha, isemwe wazi kuwa ni viongozi wa umma, kama sheria ya mwaka 1995 ilivyofanya. Nne, kila mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya uongozi aambatishe faharasa ya Kiswahili ya istilahi alizotumia. Faharasa hizo zikikusanywa na kusanifiwa na Baraza, kwa utaratibu uleule uliozaa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, baada ya muda mfupi tutakuwa na hazina kubwa.

Yapo yatakayopingwa katika mapendekezo haya, nasi twakaribisha hoja za wasomaji. Jambo ambalo tungependa lisipotee ni hili: mtu mmoja akiwa kiongozi, mtawala na msimamizi kwa neno moja, raia hana njia ya kumwambia kuwa anasimamia vizuri lakini haongozi, au kuwa anatawala bila kuongoza. Wapagazi wa zamani waliijua tofauti baina ya mwenye mali na mwenye kujua njia, wakampa kila mmoja jina lake. Wasomi wa vyuo vyetu hawana sababu ya kujua pungufu ya hapo.